Kuomba na Kuarifu

Mtu mwenye arusi humwarifu balozi wa nyumba kumi kwamba usiku kutakuwa na ngoma. Hamwombi ruhusa ya kumwoza binti yake. Kuarifu ni adabu ya ujirani. Kuomba ni kukiri kwamba jambo lenyewe si lako. Tofauti hiyo, ndogo kwa kuitazama, ilifikishwa Mahakama Kuu hapa Dodoma mwaka 1993.

Aliyeifikisha ni Mchungaji Christopher Mtikila. Haki za binadamu zilikuwa zimeingizwa katika Katiba mwaka 1984, na vyama vingi vimerudi mwaka 1992. Lakini sheria ya polisi iliyotokana na ukoloni ilikuwa bado inadai kibali kwa mikutano ya hadhara na maandamano.

Tarehe 24 Oktoba 1994 Jaji Kahwa Lugakingira alitoa hukumu. Baadhi ya madai aliyakataa, ila katika mawili makubwa alimpa Mchungaji haki: raia aweza kugombea uongozi bila kupitia chama, na watu waweza kukutana kwa amani bila kibali.

Kuhusu mgombea binafsi, muswada wa kubadili Katiba ulikwisha kufikishwa Bungeni hata kabla ya hukumu. Ulipitishwa Desemba, na mlango ukafungwa. Mtikila hakuchoka. Alishinda tena Mahakama Kuu mwaka 2006, akashindwa Mahakama ya Rufani mwaka 2010, akashinda mbele ya Mahakama ya Afrika kule Arusha, Juni 2013. Alifariki kwa ajali ya gari Oktoba 2015, wiki tatu kabla ya uchaguzi ambao nao haukuwa na mgombea binafsi.

Kuhusu mikutano, sheria ilirekebishwa: badala ya kibali, polisi wapewe taarifa saa 48 kabla. Lakini polisi walibaki na uwezo wa kuzuia, na taarifa ikaanza kufanana na ombi. Mwaka 2016 mikutano ya hadhara ya vyama ilipigwa marufuku. Januari 2023 ikaruhusiwa tena.

Wengi walishangilia siku ile, nami nilifurahi pamoja nao. Hata hivyo, ndugu msomaji, tulitazame vizuri neno "ruhusa". Anayeshukuru kwa kuruhusiwa amekubali kwamba yupo wa kumnyima. Hukumu ya Dodoma ilitufundisha kuarifu. Sisi wenyewe tumerudia kuomba.