Mama Yao Yuko Wapi?

Katika sanduku langu la vitabu vya zamani imo picha moja nyeusi na nyeupe, ukubwa wake kama kiganja cha mkono, nayo imeanza kugeuka manjano pembezoni. Inaonyesha kiota cha shore na makinda watatu waliopanua midomo. Niliipiga mimi mwenyewe mwezi Machi 1973, nikiwa mwanachuo wa mwaka wa pili katika chuo cha ualimu huko Nyanda za Juu Kusini. Kwa miaka mingi niliitumia kama zana ya kufundishia, na wengi waliisifu. Sasa nimezeeka, na nataka kuisimulia kama ilivyokuwa. Lakini kwanza sina budi kueleza historia ya kazi yenyewe ya kupiga picha ndege wa porini, kazi ambayo ilikulia katika nchi za baridi na mvua, maana historia hiyo ndiyo iliyonifumbua macho.

Katika karne ya 19, mtu wa Ulaya aliyetaka kumjua ndege alimpiga risasi kwanza. Ngozi ilichunwa, ikajazwa pamba na kuwekwa katika kabati la kioo. Mayai nayo yalitobolewa, yakapulizwa mpaka yakawa matupu, kisha yakapangwa katika droo kama vito. Hiyo haikuwa kazi ya wahuni. Watu wenye heshima zao walishindana nani ana droo iliyojaa zaidi. Uingereza ilitunga sheria ya kuwalinda ndege wa baharini mwaka 1869, na mwaka 1889 chama cha kuwatetea ndege kikaanzishwa katika mji wa Manchester. Hata hivyo, ukusanyaji wa mayai ya ndege wa porini haukupigwa marufuku nchini humo mpaka mwaka 1954. Desturi mbaya haifi kwa siku moja.

Katika zama hizo walitokea ndugu wawili, Richard na Cherry Kearton. Richard alizaliwa mwaka 1862 na Cherry mwaka 1871, katika kijiji cha Thwaite, bonde la Swaledale, kaskazini mwa Uingereza. Ni nchi ya vilima, ukungu na kondoo. Richard aliumia nyonga utotoni, akachechemea maisha yake yote. Baadaye wote wawili walipata kazi katika nyumba ya wachapishaji ya Cassell mjini London, lakini mioyo yao ilibaki porini. Mwaka 1892 Cherry alipiga picha ya kiota cha ndege kikiwa na mayai yake ndani. Leo jambo hilo laonekana dogo. Siku zile lilikuwa kama muujiza. Mwaka 1895 walitoa kitabu kuhusu viota vya ndege wa Uingereza, maneno ya Richard na picha za Cherry, ambacho huhesabiwa kuwa cha kwanza cha aina yake kupambwa chote kwa picha za kamera zilizopigwa porini. Mwaka uliofuata walivuka bahari mpaka visiwa vya St Kilda, magharibi mwa Scotland, ambako wenyeji waliishi kwa kuwinda ndege wa baharini, wakishuka magengeni kwa kamba. Wenyeji hao 36 waliosalia walihamishwa tarehe 29 Agosti 1930, na visiwa vikaachiwa ndege na kondoo.

Msomaji anayepiga picha kwa simu itampasa afikirie vifaa vya wakati huo. Kamera ilikuwa sanduku la mbao lenye mvukuto wa ngozi, likisimamishwa juu ya miguu mitatu. Badala ya mkanda wa picha, mpiga picha alibeba mabamba ya kioo, mazito na mepesi kuvunjika, kila bamba kwa picha moja tu. Siku ya mawingu bamba lilihitaji mwanga kwa muda mrefu, na ndege akitikisa kichwa alitoka ukungu mtupu. Mvua ilipiga kwenye lenzi, mbao zikavimba kwa unyevu, na pumzi ya mtu mwenyewe ikatia ukungu kioo alichokuwa akichungulia.

Tena baridi haikuishia Uingereza. Herbert Ponting, aliyefuatana na msafara wa Kapteni Scott kwenda Antaktika mwaka 1910, aliwapiga picha pengwini na ndege wengine wa huko. Yeye alisimulia jinsi ncha ya ulimi wake ilivyogusa chuma cha kamera, ikaganda palepale, na ngozi yake ikabanduka.

Habari za namna hii husisimua, na nilipokuwa kijana ndizo nilizozipenda. Niliamini kwamba sifa ya mpiga picha wa ndege ni kustahimili: atoke alfajiri, alowe, atetemeke, asiondoke mpaka apate alichokifuata. Si tunafundishwa tangu shule ya msingi kwamba mvumilivu hula mbivu? Sikujiuliza kamwe, wakati huyo mvumilivu anangoja, ni nani mwingine anayevumilia pamoja naye bila kupenda.

Hapo ndipo ndugu Kearton walipofanya jambo lililo kubwa kuliko picha zao. Lenzi za siku zile hazikuweza kumvuta ndege aliye mbali. Ilibidi kamera isogee karibu kabisa na kiota. Mtu akisogea, ndege hukimbia. Akikimbia siku ya jua, pengine hakuna dhara kubwa. Akikimbia siku ya baridi na mvua, mayai hupoa. Na kama yamekwisha anguliwa, hatari ni kubwa zaidi. Kinda wa ndege wengi wadogo huzaliwa uchi, naye katika siku zake za mwanzo hana uwezo wa kujitia joto mwenyewe. Joto lake lote ni kifua cha mama, na mwavuli wake ni mabawa ya mama. Mwondoe mama kwa muda mrefu katika mvua, umekwisha mwua mtoto, ingawa hukumgusa hata kwa ukucha.

Basi ndugu hawa walijificha. Walitengeneza kisiki cha uongo, jabali la uongo, hata kondoo wa uongo. Lililopata sifa kuliko yote ni dume la ng'ombe la mwaka 1900: ngozi halisi iliyowambwa juu ya kiunzi chepesi, ndani yake wazi, mtu akaingia na kamera yake na lenzi ikachungulia kwenye tundu. Husimuliwa kwamba siku moja Richard alizimia humo ndani, dume likapinduka miguu juu, na Cherry aliporudi alipiga picha kwanza ndipo akamtoa kaka yake. Tunacheka, lakini tuitazame akili iliyomo. Ndege wa Swaledale waliwaona ng'ombe na kondoo kila siku na hawakuwaogopa. Mama alirudi kiotani, akawafunika wanawe, na picha ikapigwa huku yeye akiwa kazini mwake.

Sisemi kwamba Richard na Cherry walikuwa watakatifu. Walitaka picha, na walitaka kuuza vitabu. Lakini hila yao ilizaa kanuni ambayo waliokuja nyuma waliifanya sheria ya kazi: kibanda cha kujifichia kiwekwe mbali, kisogezwe kidogo kidogo kwa siku kadhaa, na mama akikataa kurudi, mtu ndiye aondoke. Nchini Uingereza leo, tangu sheria ya mwaka 1981, kumsumbua kiotani ndege aliye katika orodha ya wanaolindwa zaidi ni kosa, na anayetaka kumpiga picha hapo huhitaji kibali.

Cherry, kwa taarifa ya msomaji, alifika mpaka kwetu. Mwaka 1909 alikuja Kenya na kamera ya sinema. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alirudi Afrika Mashariki akiwa askari wa kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers, kikosi kilichoshiriki kuishambulia Bukoba mwezi Juni 1915. Alifariki London mwaka 1940. Laiti ningalizijua habari zake mapema, lakini nilizisoma nimekwisha kuwa mwalimu mkuu.

Sasa nirudi kwenye picha yangu. Asiyewahi kuishi Njombe, Makete au Mufindi hudhani nchi yetu yote ni joto. Mwezi Machi huko mvua hunyesha ya manyunyu kutwa nzima, ukungu hushuka mpaka milangoni, na vidole hufa ganzi. Tulikuwa tunajiandaa kwa mazoezi ya kufundisha, na kila mmoja alitakiwa kutengeneza zana zake. Wenzangu walichora. Mimi nilimwomba mkufunzi wetu wa sayansi kamera yake ya Zenit, naye akaniazima pamoja na mkanda uliobakiwa na picha tano. Nilikwisha kukiona kiota cha shore katika ua wa nyuma ya bweni, wazi kama kikombe, na makinda watatu ambao hawajaota manyoya.

Nilisimama hatua mbili tu kutoka kiotani, mwavuli begani, tangu saa moja asubuhi. Nilitaka kumpata mama akilisha. Mama alikuja mpaka juu ya mti wa jirani, mdudu mdomoni, akalia, akaruka, akarudi, akalia tena. Mimi nikajiambia, "Subira!" Makinda walipanua midomo kila jani lilipotikisika, na nikaipiga picha hiyo. Kisha wakaacha kuinua vichwa. Nilidhani wamelala. Ilipofika saa nne nilikuwa natetemeka mwili mzima, nikaenda zangu nikijiona shujaa. Jioni nilirudi kutazama. Wote watatu walikuwa baridi kama kokoto za mtoni.

Sikumwambia mtu. Mkanda ulisafishwa mjini, picha ikatoka safi, na mkufunzi akanipa alama nzuri. Siku ya mazoezi niliionyesha darasa la tatu. Nilizungumza juu ya kiota, chakula cha ndege, na ubaya wa kuwaua ndege kwa manati. Msichana mmoja wa dawati la mbele akainua mkono: "Mwalimu, mama yao yuko wapi?"

Nikamjibu, "Amekwenda kutafuta chakula."

Jibu hilo nililirudia kila mwaka, maana kila mwaka alikuwapo mtoto wa kuuliza. Niliwachapa wavulana kwa ajili ya manati, nami nilikuwa nimeua watatu kwa mwavuli na subira.

Siku hizi wajukuu wangu wana kamera ambazo ndugu Kearton hawakuziota. Lenzi humleta ndege usoni kutoka mbali, na picha mia hupigwa kwa dakika moja. Mmoja wao anapenda ndege, na huniuliza maarifa ya baridi na mvua. Nimemwambia ninayoyajua: betri ya akiba ikae mfuko wa ndani karibu na mwili, kwa sababu baridi huipunguzia nguvu, kamera ifunikwe kwa mfuko wa nailoni, lenzi peke yake ichungulie, na akirudi nyumbani kwenye moto aiache kwanza ndani ya mfuko uliofungwa, ipate joto polepole, isiingiwe na ukungu.

Hayo yote ni ya kuilinda kamera. Kisha nikamwonyesha picha yangu. Akaitazama kwa muda, akaniuliza swali lilelile la yule msichana. Safari hii nilimjibu kweli.

"Alikuwa juu ya mti, mjukuu wangu. Alikuwa ananingoja mimi niondoke."