Mizani ya Pamba Usukumani

Katika Usukuma unyonyaji ulikaa kwenye mizani. Bariadi ikiwa bado sehemu ya Wilaya ya Maswa, mkulima alileta pamba na mnunuzi ndiye aliyesoma ratili. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Jimbo la Ziwa, Paul Bomani akiwa mbele, waliweka wapimaji wao wenyewe. Mwaka 1955 vyama vyao vikaungana katika V.F.C.U., na wafanyakazi wakaunda T.F.L.

Sisi wakufunzi wa siasa huishia hapo. Lakini T.F.L. ilivunjwa 1964, NUTA ikaundwa kwa sheria. 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa pia, na mamlaka ya pamba ikashika mizani. Sheria ya 1982 ilivirudisha vyama, nayo ilitoka juu vilevile.