Trei za Mayai

Uchumi wa utalii sikuufunzwa darasani. Niliusikia jikoni kwetu Ukunda, mama akisimulia mayai ya nyanya.

Nyanya aliuzia hoteli moja ya Diani trei kumi kila Jumanne na Ijumaa. Mtalii akiyala hakuwahi kumwona. Lakini pesa zilimfikia, zikatoka kwake zikaenda kwa muuza chakula cha kuku, kwa kijana wa mkokoteni, kwa karo ya mama. Si nyingi, jamani. Safari yenyewe ililipiwa Ulaya, na sehemu kubwa ilibaki hukohuko kwa wakala na kampuni ya ndege. Zetu zilikuwa hizo za mayai, za mchicha, za dobi.

Usiku wa Agosti 13, 1997, miezi michache kabla ya uchaguzi, kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa. Watu wakauawa, maelfu wakahama makwao. Na Likoni ndiko kwenye feri. Mgeni wa Diani akitua Mombasa alivukia hapo. Safari zikafutwa, hoteli zikafunga, wafanyakazi wakaambiwa waende nyumbani. Mwaka uliofuata, Agosti 7, bomu likalipuka Nairobi.

Kuku wa nyanya hawakuwa na habari. Waliendelea kutaga. Aliuza mayai kwa bei ya kutupa, kisha akaanza kuwachinja, wawili wawili. Deni la mwezi mzima hotelini hakulipwa. Mama akaachia shule kidato cha tatu.

Siku hizi runinga ikitangaza kwamba watalii wameongezeka, mama huuliza tu: “Mayai wananunua wapi?”