Mizani ya Pamba

Wataalamu wanapoeleza biashara ya nchi changa kama zetu, mara nyingi huanza na mabenki, bandari na thamani ya fedha. Mimi si mtaalamu. Machache niyajuayo juu ya biashara niliyapata Migato, mbele ya mizani ya pamba. Kwanza nikiwa mtoto wa mkulima, baadaye karani wa mnunuzi, na mwishowe mwenye duka dogo la sabuni na mafuta ya taa. Nayaandika haya sasa kwa kuwa nimezeeka, na kwa kuwa katika hadithi hii lipo jambo langu ambalo sijapata kulisema hadharani.

Zamani Migato ilihesabiwa katika Wilaya ya Bariadi, Mkoa wa Shinyanga. Ulipoanzishwa Mkoa wa Simiyu mwaka 2012 tukajikuta katika wilaya mpya ya Itilima. Mipaka imehama na vibao vya ofisi vimebadilishwa, lakini kalenda yetu ni ile ile. Pamba hupandwa mvua zinapotulia, Novemba na Desemba. Huanza kuchumwa Mei. Huuzwa kuanzia Juni. Mahari, ada za shule, mabati ya nyumba na madeni ya dukani vyote husubiri mwezi huo. Ngoma za Wagika na Wagalu nazo husubiri mavuno. Mwenye duka asiyeijua kalenda hii atajaza vitenge mwezi Februari, na panya ndio watakaokuwa wateja wake.

Baba yangu alianza kulima shamba lake mwenyewe katika miaka ya 1940. Wakati huo pamba ya Usukuma ilinunuliwa na wafanyabiashara, wengi wao Wahindi, waliokuwa na maduka na vinu vya kuchambulia. Mkulima alifika na mzigo, ukawekwa kwenye mizani, akatajiwa ratili, akapewa shilingi. Wengi hawakujua kuusoma mshale. Walichokijua ni jinsi shingo zilivyouma walipokuwa wakiubeba mzigo huo njiani, na shingo haikubaliani daima na mshale. Manung'uniko yakawa mengi. Ndipo, kwenye mwaka wa 1950 hivi, wakulima wakaanza kuwalipa wapimaji wao wenyewe. Vijana hao waliosoma kidogo walikuwa na mizani yao, wakapima mzigo kabla haujafika kwa mnunuzi, ili mkulima aingie sokoni akijua anachouza.

Ushirika mkubwa wa Kanda ya Ziwa ulizaliwa na manung'uniko hayo. Mwaka 1952 Paul Bomani na wenzake waliunda chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa, na mwaka 1955 likasimama shirikisho la vyama vya ushirika ambalo wazee wetu waliliita Victoria Federation. Kufikia mwisho wa miaka ya 1950 pamba ya kanda yetu ilipita mikononi mwake, nalo likawa na vinu vyake. Msomaji akumbuke kwamba serikali ya kikoloni iliizuia TANU kufanya kazi Usukuma tangu 1954 hadi 1958. Kwa hiyo ni katika chama cha pamba watu walikojifunza kuitisha mkutano, kuchagua mwenyekiti na kumwuliza mweka hazina fedha zimekwenda wapi. Anayesema kwamba siasa na biashara ni nyumba mbili, kwetu hakufika. Ni nyumba moja yenye milango miwili.

Katika siku zile za wapimaji baba alifanya jambo lililowachekesha majirani. Aliokota jiwe mtoni, akalipeleka kwa mpimaji, akamlipa alipime kama mzigo wa pamba. Lilikuwa na ratili 50 kamili. Tangu hapo, kila alipokwenda kuuza, jiwe lilipakiwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe pamoja na magunia, nalo ndilo lililopimwa kwanza. Utotoni nililionea aibu jiwe lile. Nilidhani linatutangaza kuwa watu washamba.

Baada ya Uhuru mambo yalikwenda kwa kasi. Bomani akawa Waziri wa Fedha wa Tanganyika. Ushirika ukapanuka, na pamoja na kupanuka ukaota makarani wengi, magari mengi na hesabu zisizofungwa. Mwaka 1966 serikali iliunda kamati ya kuchunguza malalamiko juu ya vyama vya ushirika, na mwaka 1968 mahali pa shirikisho lile pakachukuliwa na Nyanza. Likaja Azimio la Arusha, vikaja vijiji, na watu wengi wakahamishwa mbali na mashamba na maboma yao. Mwaka 1976 serikali ikavifuta vyama vikuu vya ushirika kabisa, na mamlaka ya pamba ikawa inanunua moja kwa moja vijijini. Mwaka 1982 ikapitishwa sheria ya kuvirudisha, na sisi wa Bariadi tukawa chini ya ushirika wa Mkoa wa Shinyanga. Katika maisha ya mkulima mmoja, mnunuzi alibadilishwa mara nne au tano, na hata mara moja hakuulizwa.

Simlaumu aliyetamani kumtoa mkulima mikononi mwa mlanguzi. Nia ilikuwa njema, na mimi mwenyewe nilisomeshwa na nia hiyo bila kulipa ada. Lakini nia haipimi pamba. Msimu mmoja wa miaka ya 1980 chombo kilichonunua mazao yetu, ambacho sitakitaja, kilitupa stakabadhi badala ya fedha. Baba aliziweka katika kopo la maziwa ya unga. Fedha zilipofika, mvua ya msimu uliofuata ilikwisha kunyesha, na kiasi ambacho kingenunua majike mawili ya ng'ombe kilinunua mbuzi na chumvi. Ni miaka ile ile ambayo sisi wakulima wa pamba tulipanga foleni kutafuta shuka, na mwaka 1983 watu wakakamatwa kwa uhujumu uchumi.

Hapa ndipo niseme neno juu ya ng'ombe, maana wageni wengi wametucheka kwa ajili yao. Wanasema Msukuma akipata fedha za pamba anakimbilia mnadani badala ya kufungua biashara. Ni kweli, na ni mila. Ng'ombe ndiye mahari, ndiye heshima, ndiye chakula cha mgeni. Lakini ni hesabu pia. Kwa mtu aliyeona chama kikifutwa kwa tangazo la redio na shilingi ikiyeyuka ndani ya kopo, ng'ombe ni benki inayozaa na isiyofungwa na waziri. Wezi walipozidi, mwanzoni mwa miaka ya 1980, Usukuma na Unyamwezi wakajiundia ulinzi wa sungusungu, kwa filimbi, mishale na mikutano ya wazee. Ulikuwa na ukali wake na makosa yake, lakini watu waliuamini kwa sababu kila mmoja aliuona unavyofanya kazi. Gharama ya benki hii ya kwato ni kwamba mtaji haukai dukani. Kila jirani yangu alikuwa na mali, na karibu hakuna aliyekuwa na mtaji.

Mwaka 1994 biashara ya pamba ilifunguliwa kwa watu binafsi, na Migato ikachangamka kama harusi. Malori yalifika na fedha taslimu. Bei ya asubuhi haikuwa bei ya jioni, na mkulima kwa mara ya kwanza alikuwa na uwezo wa kusema, "Nasubiri yule mwingine." Mwaka 1995 John Cheyo wa Bariadi aligombea urais kwa tiketi ya UDP akiahidi kuwajaza watu mapesa, na watu wakampa jina la Bwana Mapesa. Lilikuwa jina la wakati wenyewe. Hatukuona mapema kwamba waliokuja kununua hawakuwa na haja ya kukopesha mbegu wala dawa. Nani amkopeshe mkulima atakayemwuzia jirani? Usafi wa pamba nao ukaporomoka, kwa kuwa mwenye haraka ya kujaza lori hachagui kati ya pamba safi na fifi.

Katika msimu mmoja wa miaka ile nilipata kazi ya karani wa mizani kwa mnunuzi mmoja. Asubuhi ya kwanza msimamizi alinionyesha namna ya kuuweka mshale. Hakutamka neno wizi. Alisema pamba ina unyevu, ina mchanga, hupungua njiani. Kwa hiyo kila mzigo upungue kilo 2 au kidogo zaidi, ili tajiri asipate hasara. Na mchanga kweli ulikuwamo. Wakulima wenzetu walikuwa wakinyunyiza maji usiku na kuficha mawe katikati ya gunia, wakisema wanajirudishia kilichoibwa. Kila upande uliiba ukijitetea kwa wizi wa mwenzake, na mimi nikaona kilo 2 zangu ni haki tu.

Siku ya nne baba alifika na mkokoteni. "Mwangaluka, karani," alisema. Hakuniita mwanangu.

"Mwangaluka, baba."

"Nipimie hili kwanza." Akawaambia vijana washushe jiwe. Watu wakacheka. Mshale ukasimama kwenye 20 na kitu kidogo. Ratili 50 ni kilo 22 na zaidi ya nusu. Baba alikwisha kufanyiwa hesabu hiyo tangu vipimo vilipobadilishwa. Macho yake yalipanda kwenye mshale, yakashuka kwangu. "Endelea," akasema. Nikapima magunia yake sita. Akapokea fedha, akazihesabu, akashukuru mbele ya watu, akaondoka.

Jioni nilikwenda nyumbani. Alikuwa ameketi nje. Aliniambia hivi tu: "Zamani tulimlipa mtu atupimie kwa sababu aliyenunua hakuwa ndugu yetu. Sasa wewe, nimlipe nani akupime?"

Ningependa kuandika kwamba niliacha kazi kesho yake. Sikuacha. Nilimaliza msimu, nikapokea mshahara na bakshishi, na kwa fedha hizo nikafungua duka. Mtaji wangu wa kwanza umo kilo za watu wa Migato, na za baba yangu zikiwamo. Nilijitahidi baadaye. Niliigeuza mizani ya sukari imtazame mteja, na daftari la madeni nikaliweka mahali ambapo mdaiwa anaweza kulisoma, kwa maana mali bila daftari hupotea bila habari. Kilo zile sikuzirudisha. Sikujua pa kuanzia, na labda sikutaka kujua.

Tangu hapo mengine yamekuja. Mwaka 2018 serikali iliamua tena kwamba pamba inunuliwe kupitia vyama vya msingi, AMCOS. Mwaka 2019 bei elekezi ikatangazwa kuwa shilingi 1,200 kwa kilo huku bei ya dunia ikishuka. Wanunuzi wakasita, na pamba ikalala kwenye maghala na majumbani watu wakisubiri kulipwa. Nilipowaona vijana wakikunja stakabadhi na kuziweka mfukoni nililikumbuka lile kopo la maziwa. Bei tamu iliyotangazwa na serikali haikuwa na thamani bila mnunuzi, kama vile bei tamu ya 1994 ilivyopunguzwa na mshale.

Nimefikiri sana juu ya hayo. Kwanza tuliamini kosa ni la Mhindi. Halafu tukaamini ni la ukoloni, halafu la viongozi wa ushirika, halafu la serikali, halafu la matajiri. Kila mara tulimbadilisha mshika mizani, na kila mara, baada ya misimu michache, mizani ikaanza kusema uongo. Mimi nilikuwa mtoto wa hapo hapo, wa ukoo ule ule, na uongo ukaendelea mkononi mwangu. Wapimaji wa 1950 walijua jambo ambalo sisi tulilisahau tulipopata cha kwetu: kila mizani inahitaji jicho la pili, hata kama aliyeishika ni ndugu. Na zaidi kama ni ndugu, maana ndugu ni vigumu kumpima mbele ya watu bila kumvunjia heshima. Adabu yetu hiyo ni nzuri mezani. Sokoni imetugharimu sana.

Baba alifariki na jiwe akaniachia mimi. Hakusema kwa nini. Sasa mizani za kidijitali zimeanza kuonekana vijijini, na mjukuu wangu mmoja husaidia kupima pamba katika chama chao cha msingi. Msimu uliopita nilimwomba kijana wa bodaboda anibebee jiwe hadi ghalani. Vijana wakacheka kama walivyocheka wale wengine. Mjukuu wangu akaona haya, kama nilivyoona mimi.

Namba zikasimama kwenye 22.7. Nikamwambia aendelee, na nikawaomba viongozi jiwe libaki pale mlangoni, ili yeyote atakayekuja na mzigo alipime kwanza.