Tungule Hazingoji: Nguvu ya Kupatana Bei katika Masoko ya Unguja

Asubuhi, katika vichochoro vya Jang'ombe, tungule hupangwa mafungu juu ya meza za mbao, nne chini na moja juu. Magharibi ikikaribia, fungu lile lile huongezwa mbili kwa bei ile ile, na zilizoanza kulegea hutengwa kando kwa mchuzi wa leo leo. Mpita njia hudhani ni ukarimu, kumbe saa ndiyo inayopanga bei.

Nadharia ya ushindani tuliyosomeshwa huhesabu vichwa. Kwa hesabu hiyo, soko la mboga Unguja ni mfano wa darasani: wakulima wengi, magenge kila mtaa, na madalali nao si wawili watatu. Nadai kuwa hesabu hiyo inapotosha. Katika mazao yanayooza, nguvu ya kupatana iko kwa awezaye kungoja.

Karafuu inatupa kipimo. Mwaka 1937 serikali ya kikoloni iliipa Jumuiya ya Wakulima wa Karafuu, iliyoundwa 1927, haki ya pekee ya kununua zao hilo. Wafanyabiashara wa Kihindi waligoma, wakiungwa mkono na chama cha Congress kule India, na mwaka uliofuata serikali ikabidi ipatane nao. Mgomo ule uliwezekana kwa sababu karafuu kavu hukaa ghalani miezi na miezi. Mwenye tungule akilala na mzigo wake, huamka na maji.

Mfuateni mkulima wa Bambi hadi mnadani. Amefika alfajiri na matenga yake, nauli ya gari imeshamtoka. Kamisheni ya dalali hukatwa bei iwe nzuri au mbaya, na siku mzigo wa bara ukishuka bandarini, bei huanguka kabla hajashusha tenga la pili. Kurudi nazo shamba hawezi. Dalali si mwizi, hilo niliweke wazi. Wapo wanaowakopesha wakulima mbegu na dawa pale benki zinapowafungia mlango. Lakini mkopo huo huo humfunga mkulima auze kwa dalali huyo huyo, na hapo madalali hata wakiwa mia, kwake ni mmoja.

Hoteli za Nungwi na Paje zingeweza kuwa mnunuzi wa pili. Zinataka mzigo wa kiwango kimoja kila siku, na malipo baadaye. Mkulima mdogo hayawezi yote mawili, kwa hiyo oda humwendea msambazaji mwenye mtaji, na mboga nyingi hutoka bara.

Sheria ya 2018 ya ushindani halali na kumlinda mtumiaji imetuletea Tume, na sauti yake husikika zaidi Ramadhani, ndizi na muhogo vinapopanda bei. Ni kazi njema, ila inatazama meza ya Jang'ombe kuliko shamba lililo nyuma yake. Umoja wa Ulaya, kwa agizo lake la 2019, umemkataza mnunuzi mkubwa kumcheleweshea mwenye mazao yanayoharibika malipo kupita siku 30, au kufuta oda dakika za mwisho.

Nasi tuandike muda wa malipo katika kanuni zetu. Na katika masoko mapya ya Jumbi na Mwanakwerekwe, vyumba vya baridi vikodishwe kwa tenga na kwa siku, kwa bei anayoimudu mwenye matenga matano. Usiku mmoja wa kungoja unamtosha kukataa bei ya kwanza.