Mashimo ya Wasirikwa: Nchi ya Chai Ilivyofundisha Kusoma Udongo

Kwenye malisho ya Sotik, magharibi mwa Kenya, nje kidogo ya mistari ya michai, waweza kukuta shimo pana la duara ubavuni mwa kilima. Upana wake hufika mita 10 au zaidi, na mdomo wake umeelekea kwenye mteremko. Kando ya mdomo pana tuta la udongo lililoota nyasi. Mara nyingi haliko peke yake. Yako mawili, matatu, hata kumi, yamekaa kama vyungu vilivyoanikwa juani. Wazee wa Kikalenjin husimulia kwamba ni ya Wasirikwa, watu wa ng'ombe wa zamani.

Kwa muda mrefu kila mgeni alikuja na jibu lake. Wapo waliosema ni nyumba zilizozama ardhini. G.W.B. Huntingford, mtafiti wa Wanandi, aliandika mwaka 1933 kuhusu “ustaarabu wa Azania”, akiwatafuta wajenzi wa mabaki ya kale ya nyanda hizi mbali na mababu wa watu aliowakuta. Yalikuwa majibu ya mtu anayetazama kwa juu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 akaja John Sutton, kijana mwanaakiolojia. Alizunguka nyanda za juu za magharibi akipima mashimo, akisikiliza masimulizi ya wazee, kisha akachimba machache, yakiwemo ya Chemagel karibu na Sotik. Kitabu chake kilitoka Nairobi mwaka 1973.

Kazi ya namna hii huanza kwa vigingi na kamba, jembe bado liko pembeni. Shimo huchorwa kwanza lilivyo. Kisha hukatwa mtaro mwembamba kutoka ukingo wa juu hadi mdomoni, kama mtu apasuaye papai aone mbegu zilivyokaa. Udongo hutolewa kwa mwiko wa fundi, tabaka baada ya tabaka, na kupitishwa kwenye chekeche. Tabaka la chini lilitangulia, la juu likafuata, ila pale fuko au mzizi ulipovuruga mpangilio. Kila kigae huandikiwa kilipolala kabla ya kuinuliwa, kwa sababu mchimbaji husoma kitabu huku akikichana: ukurasa uliopita haurudi.

Kwenye kuta za mitaro kama hiyo ndipo mashimo yalipojieleza. Chini palikuwa uwanja wa kukanyagwa na mifugo. Tuta la mdomoni lilikuwa samadi na tope lililozolewa nje mwaka hadi mwaka. Nyumba ilikuwa pembeni, nje ya duara, imeambatana nalo. Nguzo zake zilioza zamani, lakini nguzo ikioza huacha doa la duara, jeusi, laini kuliko udongo ulioizunguka, na mwiko huligundua kabla ya jicho. Kumbe shimo lilikuwa zizi! Mtindo huo ulidumu takriban kuanzia karne ya 12 hadi ya 18, na Sutton akauhusisha na wafugaji wa asili ya Kikalenjin. Jibu lilikuwa karibu na midomo ya wazee muda wote.

Nchi ya chai ina ugumu wake. Mchai hupenda udongo mchachu, na udongo huohuo hula mfupa. Mwanafunzi anayetarajia mafuvu atarudi mikono mitupu. Itambidi asome rangi, ugumu na umbo la udongo wenyewe.

Teremka kutoka Kericho hadi Fort Ternan uone kinyume chake. Huko majivu ya volkano ya kale yalihifadhi mifupa ikawa mawe. Mkulima Fred Wicker aliona visukuku shambani mwake, na mwaka 1961 kikosi cha mtafiti wa visukuku Louis Leakey kikachimba na kupata taya la nyani wa kale aliyepewa jina Kenyapithecus wickeri, kwa heshima ya mkulima huyo. Kipimo cha potasiamu na agoni kwenye mawe ya volkano kilitoa umri wa miaka milioni 14 hivi. Lakini umri huo ni wa mawe. Unakuwa wa taya kwa sababu tu inajulikana lilikuwa kwenye tabaka gani. Taya lililookotwa njiani lisingekuwa na umri.

Ndiyo maana sheria ya mwaka 2006 ya makumbusho na turathi inataka leseni kwa anayechimba mabaki ya kale, na taarifa kutoka kwa anayeyaokota.

Kanuni ya mwisho ndiyo ngumu kwa mwenye pupa: usimalize kuchimba. Kule Hyrax Hill, Nakuru, mwanaakiolojia Mary Leakey alichimba mwaka 1937 na 1938. Mwaka 1985 Sutton alirudi kilimani hapo na maswali mapya kuhusu Wasirikwa, na udongo wa kuyajibu ulikuwa bado haujaguswa.