Besi Inavujia Wapi? Historia Fupi ya Kimpira cha Iyafoni

Kabla hujaendelea kusoma, fanya jaribio dogo. Kama una zile iyafoni za kuzama ndani ya sikio, zivae, weka wimbo wenye besi nzito (amapiano itafaa sana), kisha zisukume taratibu kwa vidole kuelekea ndani. Besi imejaa ghafla? Ukiachia, imepungua tena? Basi iyafoni zako ni nzima. Panapovuja ni kwenye kile kimpira cha mbele.

Mimi nililijua hili kwa aibu. Mwaka wangu wa kwanza wa shahada ya uzamili nilinunua iyafoni kwenye kibanda kimoja Kariakoo. Nilipofika hosteli nikakuta sauti kavu, kama redio iliyofungiwa kabatini. Kesho yake nikarudi nimejiandaa kugombana. Yule kijana muuzaji hata hakubishana. Akafungua kimfuko cha nailoni kilichokuwa ndani ya boksi, ambacho mimi sikuwa nimekigusa, akatoa vimpira vikubwa zaidi, akavivalisha, akanirudishia. "Jaribu sasa, kaka." Nikajaribu. Sikuwa na la kusema.

Alichokijua yule kijana kwa vidole kina historia ya zaidi ya miaka 150, na ni historia ya watu kujua jambo, kulisahau, na kulijua tena.

Kwanza, pampu ya baiskeli

Chukua pampu ya baiskeli. Ziba tundu lake kwa kidole, sukuma mpini kidogo tu: shinikizo unalihisi papo hapo. Sasa legeza kidole, acha upenyo mwembamba. Ukisukuma kwa haraka, bado hewa inagoma, maana haijapata muda wa kutoka. Ukisukuma polepole, inatoka yote kimyakimya na kidole hakihisi kitu.

Iyafoni ni pampu hiyo hiyo. Ndani yake kuna kiwambo chembamba kinachokwenda mbele na nyuma. Kati ya kimpira na ngoma ya sikio kuna hewa ambayo haijazi hata nusu kijiko cha chai. Ikizibwa vizuri, kiwambo kidogo kuliko kifungo cha shati kinatosha kuibana na kuiachia. Sauti nyembamba ni misukumo ya haraka, maelfu kwa sekunde. Besi ni misukumo ya polepole: noti ya 50 Hz inasukuma mara 50 tu kwa sekunde. Ukiacha upenyo kando ya kimpira, wa kwanza kutoroka ni besi. Upenyo ukipanuka, sauti za kati nazo zinaanza kufuata.

Kwa hiyo kimpira hakitengenezi besi. Kinaizuia isitoroke. Shika hilo, tutarudi kwake.

Madaktari walitangulia

Watu wa kwanza kuhangaika na jambo hili hawakuwa wapenzi wa muziki, walikuwa madaktari. Stetoskopu ya kwanza, ya Mfaransa René Laennec mwaka 1816, ilikuwa bomba la sikio moja. Mwaka 1851 daktari Arthur Leared, mzaliwa wa Ireland, alionyesha London stetoskopu ya masikio mawili, na mwaka uliofuata George Cammann wa New York akatengeneza ya kwake, ambayo ndiyo iliyoenea. Sasa fikiria: sauti nyingi za moyo ni za chini, yaani ziko upande wa besi. Daktari ambaye ncha za stetoskopu yake hazikai sawa masikioni anapoteza kile hasa anachokitafuta. Hii si habari ya starehe tena, ni habari ya mgonjwa.

Miaka 100 baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1950, mhandisi Maurice Rappaport na daktari wa moyo Howard Sprague, wa Boston, walilichunguza jambo hili kwa vipimo na kuandika kuhusu madhara ya stetoskopu isiyokaa vizuri. Yaani elimu ya mvujo ilikuwepo, imeandikwa, ila ilikuwa kwenye majarida ya tiba.

1891: mpira kwa ajili ya simu

Mwaka 1891 mhandisi Mfaransa Ernest Mercadier alipata hataza ya Marekani kwa kifaa alichokiita bi-telefoni: vipokea sauti viwili vya simu, vidogo kiasi cha kuingia masikioni, vyenye uzito wa chini ya gramu 50. Ncha zake alizivalisha mpira. Ukiziona kwenye mchoro utasema ni iyafoni za leo.

Lakini angalia sababu zake. Mpira ulikuwa wa kupunguza msuguano kwenye sikio na kuzuia kelele za nje. Besi hakuitaja, na hatuwezi kumlaumu: simu ya wakati ule ilibeba maneno, tena kwa shida. Hakukuwa na besi ya kuvuja. Mercadier alipata jibu sahihi miongo mingi kabla ya swali kuulizwa.

Miaka ya kusahau

Swali lilikuja pale muziki ulipoanza kutembea. Mwaka 1979 Sony ilitoa Walkman, na hedfoni zake nyepesi zilikuwa na sponji iliyoegemea sikio tu. Mwaka 1982 kampuni hiyo hiyo ikatoa iyafoni ndogo za kukaa kwenye bakuli la sikio, pale nje ya tundu. Mwaka 2001 Apple ikatoa iPod na iyafoni zake nyeupe, nazo za kukaa nje vilevile. Kwa miaka zaidi ya 20, kizazi kizima kilisikiliza muziki kupitia plastiki isiyoziba chochote.

Zilikuwa na faida: rahisi kuvaa, hazibani, na unamsikia anayekuita. Ila pampu ilikuwa wazi. Ukiwa chumbani usiku, sawa. Ukipanda daladala, injini inanguruma kwa sauti za chini, inafunika kile kibesi kidogo kilichobaki, na wewe unafanya nini? Unaongeza sauti.

Hapa ndipo penye hatari yenyewe. Kuongeza sauti hakuirudishi besi peke yake. Kunapandisha kila kitu, zikiwemo zile sauti nyembamba ambazo hazikuwa zimevuja hata kidogo. Unatafuta besi, unalipa kwa masikio. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe wastani wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda huo unapungua nusu. Seli za usikivu zikifa, kwa binadamu haziotI tena.

Sponji iliyotoka kiwandani

Wakati muziki unavuja, suluhisho lilikuwa tayari limeshapatikana upande wa viwanda. Mwishoni mwa miaka ya 1960 timu ya Ross Gardner, katika kampuni moja ya utafiti huko Massachusetts, ilipata aina ya povu linalobonyezwa likanywea, kisha likarudi umbo lake polepole. Mwaka 1972 likaingia sokoni kama kizibo cha masikio cha wafanyakazi. Bila shaka umewahi kukiona: kile cha njano unachokiviringisha kwa vidole, unakiingiza, kinatanuka chenyewe hadi kuziba.

Mhandisi wa Kimarekani Mead Killion alianzisha kampuni ya Etymotic Research mwaka 1983. Vipokea sauti vyake vya kwanza vilikuwa vya kupimia usikivu kliniki, vikivaa sponji ya namna hiyo, maana mpimaji hawezi kukubali kipimo kinachovuja. Mwaka 1991 akaupeleka ujuzi huo kwenye muziki kwa iyafoni za ER-4, zenye sponji au vimpira vya ngazi tatu. Hesabu mwenyewe: tangu hataza ya Mercadier ilikuwa imetimia miaka 100 kamili.

Jukwaani nako hali ilikuwa mbaya. Mwaka 1995 Jerry Harvey, fundi sauti wa bendi ya Van Halen, alimtengenezea mpiga ngoma Alex Van Halen iyafoni zilizofinyangwa kwa umbo la sikio lake, na kutokana na hizo ikazaliwa kampuni ya Ultimate Ears. Mpiga ngoma yule alihitaji kusikia muziki bila kushindana na makelele ya jukwaa. Ukiziba vizuri, unaweza kupunguza sauti.

Leo hata simu inakagua mvujo. Tangu AirPods Pro za mwaka 2019, Apple imeweka kipimo: inachezwa sauti fupi, maikrofoni iliyoko ndani inasikiliza kinachobaki sikioni, kisha unaambiwa kama vimpira vyako vinaziba au la.

Sasa wewe uchague vipi?

Tafuta kile kimfuko cha vimpira ulichokitupa. Anza na saizi kubwa kuliko uliyozoea, kisha shuka. Jaribu kila sikio peke yake, kwa sababu masikio ya mtu mmoja hayalingani lazima. Mimi natumia kikubwa kushoto na cha kati kulia. Wakati wa kuingiza, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, tundu linanyooka. Kisha rudia jaribio la mwanzo: ukisukuma na besi isibadilike, umefika. Kikikuuma, ni kikubwa mno, usikilazimishe.

Silikoni inadumu na inasafishika. Sponji inaziba vizuri hata kwenye tundu lenye umbo gumu, ila inachakaa na inachafuka haraka. Ukitumia sponji, iviringishe, iingize, na isubiri itanuke ndipo uhukumu sauti. Na ukiwa unavuka barabara au umepanda bodaboda, vua kabisa. Kinachoziba besi isitoke kinaziba pia honi isiingie.

Ukishapata kimpira chako, cheza ule wimbo wa mwanzo tena, halafu shusha sauti hatua mbili au tatu. Angalia kama utaikosa besi.